Flashi ya Shanga

Sikieni aibu yangu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Karatu, na flashi yangu ya kuwekea Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, naivaa shingoni kwa mkufu wa shanga alionitungia shangazi wa Malambo.

Mwalimu Paskalina wa shule ya Ganako aliniletea kompyuta ya Mac ya zamani. Nikaiwekea Linux, nikaiwasha, ikawaka. Nikachomoa flashi, nikaivaa, nikamkabidhi mashine yake.

Kesho yake akarudi. "Fundi, haifunguki, inaonyesha picha ya folda yenye alama ya kuuliza tu."

Nikarudia, dukani ikawaka, Ganako ikagoma. Nikalaumu umeme wao, kisha vumbi, kisha baridi. Mara ya tatu nikaapa chuma kizee hakinishindi, nikamfuata hadi ofisi ya walimu. Nikaweka upya, ikawaka, wakapiga makofi. Nikachomoa flashi, nikaivaa kwa madaha, nikazima, nikawasha tena.

Folda.

"Si niliwaambia umeme wenu?"

Mwalimu alinisogelea. Alinivua mkufu, akachomeka flashi, akawasha. Linux ikafunguka. Kumbe sehemu ya kuiwashia mashine nilikuwa naiweka kwenye flashi yangu badala ya ndani ya kompyuta!

"Kwa hiyo fundi," akasema, walimu wote wakisikia, "siku zote hizi kompyuta yangu umeivaa shingoni?"