Bomba la Uani Linauma

Mama alianza kulalamika wiki ile ile walipomaliza kufukia mabomba mapya ya plastiki mtaani kwetu Katubuka. Alikuwa anatawadha kwa ajili ya adhuhuri, akaja barazani akijifuta mkono kwenye kanga, akasema bomba la uani linauma. Linamng'ata vidoleni kama siafu. Nikaenda, nikashika koki, nikafungua, nikafunga. Hakuna kitu. Nikamwambia hiyo ni ganzi ya uzee, tutakwenda hospitali.

Mimi ni mtu wa redio. Siyo za kutangaza. Hizi za ridhaa, za kuitana na watu wa mbali kwa mapenzi tu, na leseni yangu nimeitundika ukutani. Adui yangu ni kelele. Chaja za simu, taa za bei rahisi, televisheni ya mpangaji wetu, vyote vinanguruma ndani ya redio, na mimi sina subira, nimeshagombana na nusu ya mtaa. Ndiyo maana zamani nililehemu kapasita mbili ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha redio umeme, kapasita nilizozitoa kwenye televisheni mbovu, ziunyonye uchafu wa umeme na kuumwaga kwenye bodi ya chuma. Kutoka kwenye bodi nikavuta waya mnene wa shaba hadi bomba la uani, ili uchafu ule uishie ardhini. Bomba lilikuwa la chuma, limefukiwa mpaka barabarani. Ethi bora kuliko hiyo ungeipata wapi? Kelele zikafa, nikawa nawasikia watu wa ng'ambo, upande wa Kongo, utadhani wamo chumbani.

Baada ya mabomba mapya, kelele zikarudi. Mwenye akili angejiuliza ethi yake imekwenda wapi. Mimi nikaenda kumfokea mpangaji. Yule bwana, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, akazima televisheni yake kwa adabu, na kelele hazikupungua hata chembe. Mkewe naye akaanza kuchota maji kwa jirani, akisema bomba letu lina jini. Nikacheka. Jini gani huyo wa kukaa kwenye koki?

Mama hakucheka. Aliniambia siku hizi linauma zaidi, tena akiwa pekupeku tu. Nililisikia hilo kwa masikio yangu mawili, wallahi, kisha nikavaa ndala zangu za mpira nikaenda kushika tena. Nikarudi nikamwambia mambo ya jini tuwaachie wapangaji.

Jumapili moja mchana nilikuwa hewani, hedifoni masikioni, mtu wa Zambia ananieleza sauti yangu inavyomfikia. Umeme ukakatika. Nikavua hedifoni, nikapiga meza, nikatukana umeme na walioukata. Ndipo nikasikia kishindo uani.

Mama alikuwa chini kwenye saruji iliyolowa, maji yanamwagika, ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. Hakuwa analia.

"Mkono uligoma kuachia, mwana wanje," alisema. "Nilikuita, nikakuita. Halafu ukaachia wenyewe."

Nilimwinua, nikamkalisha barazani, nikamwambia asisogee pale. Umeme uliporudi nikaenda na tesita ya kupimia umeme, nikaigusisha kwenye koki. Taa yake ikawaka, hata juani niliiona. Nikakimbia ndani nikachomoa waya ukutani. Nilipofungua pawa saplai, kapasita moja ilikuwa imeungua na kugeuka njia, umeme wa ukutani unapita wote hadi kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi hadi bombani. Na bomba, chini ya saruji, lilikuwa limebaki kipande tu cha chuma kilichoungwa kwenye plastiki, na plastiki haipitishi umeme kwenda ardhini. Kukatika kule nilikokutukana ndiko kulikomwokoa.

Nimezitupa zile kapasita. Nimechimba ethi ya peke yake nyuma ya nyumba, mbali na maji. Mama nilimweleza yote, sikumficha neno, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani anitukane.

"Nilikwambia linauma," alisema. "Ukaniambia nimezeeka."

Nimemwonyesha mara nyingi kwamba tesita haiwaki. Hataki kuitazama. Kila wakati wa swala ananiita, nami navua ndala, nasimama kwenye saruji iliyolowa na kushika koki kwanza. Yeye anasimama pembeni, anautazama mkono wangu mpaka uachie.