Emiliana, Mtani Wake na Difu ya Mzigo

Gari la Emiliana Chilewa lilikuwa na makufuli matatu. La kwanza lilifunga tangi la mafuta, la pili lilifunga boksi la betri, na la tatu lilifunga tairi la akiba ambalo, ukilitazama vizuri, hakuna mwizi mwenye akili timamu angelihangaikia. Lilikuwa Fuso la zamani lenye winchi mgongoni, gari la kuvuta malori yaliyokufa njiani. Marehemu mumewe Sebastiani alimwachia, na tangu hapo aliliendesha mwenyewe, kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa na kupanda mlima wa Bereko.

Kwake, kutoamini watu kulikuwa kazi ya pili. Gereji alikwenda na ndoo yake, akaifudikiza chini, akaikalia tangu bolti ya kwanza inafunguliwa hadi ya mwisho inafungwa. Chai hakunywa, maana chai ingemlazimu ainamishe macho kwenye kikombe.

Pale Kizota kila mtu alimwita Mama Hana, kwa jina la bintiye anayesoma chuo Chimwaga. Kila mtu, isipokuwa fundi Mudrick. Mudrick alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Emiliana Mgogo wa Chamwino, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo ya pwani na Wagogo wakiwatoza hongo ndipo wanywe maji. Kwa hiyo Mudrick, ingawa alikuwa mdogo kwa miaka kadhaa, hakuwahi hata siku moja kumwamkia shikamoo.

"Umekuja, mwizi wa njiani?" ndivyo alivyomkaribisha. "Babu zako walimmaliza babu yangu kwa hongo."

"Nyamaza, mpagazi. Mzigo wako umeutua wapi?"

Na kazi ikaanza. Siku ya kumzika Sebastiani, Mudrick aliteremka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali na kusema hatoki mpaka apewe kuku, kwa kuwa marehemu ameondoka bila kumuaga. Emiliana alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Akacheka. Katika mji mzima alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtukana namna ile, na alimthamini kuliko alivyopenda kukiri. Gari lake halikuguswa na fundi mwingine. Ila ndoo aliendelea kwenda nayo.

Basi siku moja meno ya difu, ule mtambo wa nyuma unaopokea mzunguko wa propela na kuupeleka kwenye matairi, yalikatika karibu na Haneti. Gari likavutwa hadi Kizota, aibu iliyoje kwa gari la kuvuta wenzake. Mudrick akatoa difu mbili, akaziweka kwenye gunia mbele ya ndoo.

"Hii ni ya mbio. Propela ikizunguka mara nne, tairi limeshamaliza mzunguko mmoja. Kondoa utafika mapema, lakini ukifunga lori nyuma utalia. Hii nyingine ni ya mzigo. Propela izunguke mara sita ndipo tairi lizunguke mara moja. Inakwenda polepole, lakini inavuta."

"Nipe ya mzigo. Na nipe tindo."

"Tindo ya nini?"

Emiliana aliinama juu ya gurudumu kubwa la meno la difu ile, akagonga herufi E ubavuni mwake kwa mkono wake mwenyewe. Ilitoka imepinda kidogo. Mudrick alicheka mpaka akaegemea gari.

"Gonga na jina la ukoo! Ukigeuka tu naichukua, iwe fidia ya babu yangu."

Yalibaki matairi, maana ya zamani yalikuwa vipara. Emiliana alikwisha kuona mengine kwa mfanyabiashara mmoja wa Majengo, marefu, mapana, yenye rimu zake, yaliyotoka kwenye gari kubwa zaidi. Mudrick aliposikia alitikisa kichwa.

"Hayo achana nayo. Tairi refu linakula nguvu ya difu. Mimi nimekupa ya mzigo, wewe utaigeuza kuwa ya mbio kwa matairi. Tafuta saizi ileile. Namjua mtu anayo."

Hapo kwenye kumjua mtu ndipo alipoharibu. Emiliana alisikia mara moja harufu ya cha juu, pesa ya dalali. Na tena, tangu lini mtani akasema la kweli?

"Mpagazi amezoea miguu yake," akamjibu. "Matairi atayajulia wapi?"

Mudrick akacheka, yakaishia hapo. Emiliana akalipeleka gari Majengo, yale marefu yakafungwa. Lilipendeza, tusimnyime haki yake. Alikaa juu akiyatazama magari mengine vichwani.

Wiki haikuisha akaitwa Bereko. Lori la alizeti lilikuwa limekufa mlimani. Silvano, utingo wake wa miaka mingi, mtu mzima asiye na maneno, akafunga vyuma, Emiliana akaweka gia ya kwanza. Injini ilinguruma, klachi ikatoa harufu ya kuungua, na kwenye kona ya pili Fuso likasita, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma na lori lake. Breki zilishindwa kushika uzito ule. Silvano aliruka na jiwe, akalitupa nyuma ya tairi. Gari likalipanda nusu, likatulia. Pembeni ya kona ile kuna bonde, na chini kabisa yalionekana mapaa ya nyumba za watu.

Emiliana alibaki ameshika usukani. Difu ya zamani, mbovu hivyo hivyo, ilikwisha kuvuta malori mazito kuliko lile kwenye kona hiyohiyo. Hii mpya imeshindwaje? Fikra zake zikaenda palepale zilipozoea kwenda. Ameibiwa.

Sasa kila kitu kilijipanga. Si Mudrick mwenyewe alisema, "Ukigeuka tu naichukua"? Na kweli aligeuka! Bintiye Hana alipopiga simu siku ile difu ikifungwa, yeye aliinuka kwenye ndoo kuipokea, akampa fundi mgongo. Muda huo ulitosha mtu kubadilisha. Halafu akatazama mita ya kilometa. Safari ya Kondoa, ambayo aliijua kama anavyojua jikoni kwake, ilisoma pungufu, kana kwamba mji umesogezwa. Mshenzi amechezea na mita!

Hakumwendea kumuuliza. Alisimama Msalato, kwenye kibanda cha chai wanapokaa madereva, akasema kwa sauti yote aliyojaliwa: Mudrick wa Kizota ameniibia difu ya mzigo, amenifungia ya mbio, nusura niue watu. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia Emiliana akimsema vibaya Mudrick pasipo kucheka, waliamini. Wenye malori wakaanza kuyatoa magari yao gereji kwake, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

Mudrick akapiga simu. "We mwizi wa njiani, lete gari nilitazame. Kuna kitu hakiko sawa."

"Ulitazame umalizie kilichobaki?" Akakata. Alipopiga tena hakupokea.

Alitaka ushahidi, mbele za watu. Akaenda Kondoa kwa fundi Joel, ambaye Mudrick alikuwa hamjui hata kwa sura, akawaita madereva watatu wasimame washuhudie wizi ukifunguliwa. Joel akamwaga oili, akafungua difu, akafuta gurudumu la meno kwa tambara. Kwenye ubavu ikatokea herufi E, imepinda kidogo.

Madereva walitazamana. Emiliana alikohoa.

"Inawezekana amegonga nyingine kama hiyo," alisema. Hata hapo!

Joel akaifunga difu tena. Akapiga jeki, akaizungusha propela kwa mkono polepole, mwenzake akilitazama tairi. "Mara sita, mama. Hii ni difu ya mzigo, na ni nzima." Akasimama, akajifuta, ndipo macho yake yakapanda kwenye matairi. "Haya ulifungiwa wapi?"

"Majengo."

"Ni marefu mno. Tairi hili likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko lile la mwanzo, na nguvu ya kwenda huko mbali inatoka kwa injini hiyohiyo. Umebebeshwa mlima mwingine juu ya mlima. Hata mita inakudanganya, maana inahesabu mizunguko tu, haijui umevaa tairi gani. Hakuna fundi aliyekuambia?"

"Mmoja aliniambia."

"Ukamjibuje?"

Emiliana alitazama chini. "Nilidhani ananitania."

Aibu ilimshika tangu unyayoni. Mtani alipomwambia kweli, aliona utani. Mtani alipomtania, akaona wizi. Miaka yote ya kukalia ndoo, na mtu aliyepaswa kuchungwa alikuwa ameikalia.

Alinunua matairi ya saizi ya zamani palepale Kondoa. Kabla ya kurudi alilipeleka gari Bereko, ambako lori lingine lilikuwa linangoja msaada, akalivuta. Fuso lilipita ile kona ya pili likikoroma taratibu, bila kusita. Silvano alichungulia bonde, akatabasamu. Emiliana hakutabasamu.

Sokoni Kondoa alichagua jogoo mwekundu, mkubwa. Kati ya watani, kosa hulipwa kwa kuku. Unamleta, unatukanwa vizuri mpaka roho ya mwenzio itulie, mnacheka, yamekwisha. Njia nzima alikuwa akitunga matusi atakayopigwa. Ataitwa mwizi wa njiani, hilo halikwepeki. Ataambiwa Wagogo walizoea kutoza hongo, sasa wanatoza hadi jina la mtu. Alijikuta anacheka peke yake kwenye usukani, na machozi yanamtoka.

Kizota alikuta uwanja wa gereji mweupe. Palipokuwa na malori sita au saba limebaki moja, na miguu ya Mudrick imechomoza chini yake. Emiliana hakumwita. Alivuka kwanza kwenye kibanda cha chai cha upande wa pili, akawaleta madereva wote waliokuwepo, akasimama katikati ya uwanja na jogoo wake.

"Mudrick hakuiba kitu," alisema. "Alifunga difu ya mzigo kama tulivyopatana, na kuhusu matairi alinionya. Ubishi ulikuwa wangu, na uongo wangu. Mliotoa magari yenu kwa maneno yangu, yarudisheni."

Mudrick alitoka chini ya lori. Alikuwa amekonda. Emiliana alimsogelea, akamnyooshea jogoo kwa mikono yote miwili.

"Haya, mpagazi," akasema. "Pokea mzigo wako."

Madereva wakaanza kutabasamu, wakingoja. Mudrick akachukua tambara, akafuta mikono, kidole baada ya kidole. Akampokea jogoo kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Ahsante kwa zawadi."

Akaingia ndani, akatoka na kiti, kiti kizuri cha wageni, akakipangusa vumbi na kukiweka kivulini. Ndoo ya Emiliana ilikuwa bado palepale alipoiacha siku ya difu, imefudikizwa. Aliitazama, akamtazama Mudrick, akangoja. Walingoja wote. Mudrick alisimama wima pembeni ya kiti, kama mtu anayemngoja mkubwa wake akae.

"Marahaba," Emiliana akaitika, akaketi.