Wiki Tatu na Muthokoi wa Mwaka Mzima

Jamani, hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimeinua uso, na mkinicheka nitawaelewa, kwa sababu mwaka ule wa tisini na tisa Machakos nzima (haya, upande wetu wa soko tu) ilijua Mwende anaenda Uingereza kusomea uuguzi miaka mitatu, na siku ya nne Mwende alikuwa amerudi.

Barua ya chuo nilikuwa nayo. Kilichobaki ni visa, na ile ya wanafunzi ilitaka karatasi nyingi na kungoja, nami siku hizo sikuwa mtu wa kungoja, nilikuwa nikikaa dukani kwa mama nikitazama ukungu ukishuka vilima vya Iveti, nauona kama theluji, najiona nikitembea ndani yake na koti refu, polepole, mpaka mteja agonge meza ndipo nikumbuke sukari aliyoitisha. Binamu yangu Kioko (hajawahi kupita Nairobi) akaniambia, "Wewe chukua ya kutembea, hiyo inatoka mbio. Ukifika huko utabadilisha." Nikajaza fomu: matembezi, wiki tatu. Nikapewa, na sikumwambia mtu mwingine ni visa gani.

Sasa, kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Jumapili kanisa likaniita mbele, wazee wakaniwekea mikono, kisha nikapewa kadi kubwa ambayo katibu wa vijana aliiandika kwa Kiingereza safi ili nikawaonyeshe wazungu: nenda usome miaka mitatu, uturudie muuguzi. Kanisa lote likatia sahihi. Mama naye akanishonea mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa kutosha mwaka. "Mwiitu wakwa, binti yangu, huko utatoa wapi hii?"

Ndegeni sikulala. Mawingu yalikuwa chini yangu, meupe, hayana mwisho, na niliyatazama nikiwa nimevaa sare ya uuguzi kichwani mwangu, nina furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Afisa wa uhamiaji alikuwa mama wa makamo, mpole. Akaniuliza nakaa muda gani. Wiki tatu. Kufanya nini? Kutembea. Akaomba nifungue sanduku. Akautoa muthokoi, akaupima kwa mikono miwili, akanitazama. Akatoa vyeti vyangu vya shule, barua ya chuo, halafu kadi, akaisoma yote, hata majina, bila haraka.

"Hawa wote wanasema miaka mitatu," akasema.

"Ni utani wa kwetu," nikajibu (Mungu anisamehe).

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema barua yangu ni nzuri, kwamba ningeomba visa ya mwanafunzi huenda ningepewa, lakini sasa nimemdanganya na hawezi kuniruhusu. Nililia mbele ya foleni nzima, muthokoi ukiwa mezani. Theluji sikuiona, kulikuwa na mvua tu nyuma ya kioo.

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni. Mama aliniuliza kama nimekula, basi. Kesho yake akanipeleka kanisani, tukakaa nyuma kabisa, nikajifunika leso. Mchungaji hakuwa na habari. Akafumba macho akasema, "Tumwombee dada yetu Mwende, kesho anaingia darasani huko ng'ambo." Kanisa likaitika amina, na mimi, kwa woga, nikaitika amina.

Mama akasimama. "Mchungaji, ako hapa. Walimrudisha. Muombee akiwa hapa."

Vichwa vyote viligeuka. Nafasi yangu chuoni haikuningoja, na uuguzi sikuusomea. Siku hizi hata nikienda kwa dada yangu kule Kithimani, akiniuliza nakaa siku ngapi, namwambia ukweli wote hapo hapo mlangoni, kabla sijashusha mkoba.