Mihuri Minane na Mkunjo Mmoja

Dada yangu akisema neno, limesemwa. Yuko hivyo tangu tukiwa wadogo, na mimi niliyezaliwa miaka minne baada yake nimeishi maisha yangu yote nikimfuata huku nikinung'unika. Kwa hiyo aliponiambia nitafute viatu vya maana kwa sababu kesho tutazunguka mji wa kale kwa miguu kutwa nzima, sikumwuliza kama anatania. Nilimwuliza kama ana akili timamu.

"Akili ninazo," alinijibu. "Kinachonisumbua ni mguu."

Mguu wenyewe ni wa kushoto. Miezi tisa kabla ya hapo kiharusi kilimkuta jikoni, sufuria mkononi, na tangu siku ile mguu huo humfuata kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Tunaishi sisi wawili tu, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Yeye ni mjane, na mimi sikuolewa kwa sababu ambazo hazihusiani na habari hii. Ana mtoto mmoja, karani wa mahakama katika mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa basi. Ijumaa hiyo Karani alifika kwetu na masanduku mawili matupu. Alitaka kumchukua mama yake akaishi kwake, nyumba isiyo na ngazi, bafu lenye vishikio ukutani, na mkwe mwenye moyo wa kuuguza. Yote mazuri, sina la kuyapinga. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hataki.

"Mama, ngazi za hapa zitakuua."

"Ziko hamsini na nne. Nazipanda mwaka wa thelathini na moja huu."

"Ulikuwa unazipanda. Sasa huwezi."

Neno hilo "huwezi" ndilo lililomwaga mboga. Dada hakupandisha sauti. Aliinuka, akafungua droo ya kabati, akatoa kipeperushi na kukiweka juu ya meza mbele ya mwanawe.

Hapa inabidi nieleze. Dada alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa moja: kukunja. Mashine ilichapa, yeye alikunja kwa mkono, mikunjo mitatu kwa kila karatasi, akiikandamiza kwa kipande chembamba cha mfupa hadi ikalala kama imepigwa pasi. Wenzake walimwita Mama Mikunjo. Karatasi aliyoikunja kuliko zote ni hiyo aliyoitoa kwenye droo, ile wanayopewa wageni: "Mji wa Kale kwa Siku Moja, Jiongoze Mwenyewe." Ndani yake kuna ramani na mahali panane mashuhuri. Kila mahali pana kisanduku chenye muhuri, mgeni anaugonga kwenye kiduara chake kisha anaendelea. Dada alizijua sehemu zote nane kwa majina na kwa picha, na hakuwahi kuitembea njia hiyo hata mara moja. Ni nani hutalii mji anaoishi? Kila Jumapili ilikuja na nguo zake za kufua.

"Kesho Jumamosi," alimwambia Karani. "Nikirudi jioni na mihuri yote minane, kwa miguu yangu hii, nabaki kwangu. Ukikosekana hata mmoja, funga masanduku, sitasema neno."

Mtu mwingine angecheka. Karani, kwa kuwa ni karani, aliomba kalamu. Akaandika masharti kwa mwandiko wake wa mahakamani: siku moja, bila teksi, bila pikipiki, bila kubebwa, na njia iwe ile iliyochorwa kwenye kipeperushi, kama ilivyo. Wakatia sahihi wote wawili. Mimi nilitia kama shahidi, macho yangu yakimkwepa dada. Sababu nilikuwa naijua mwenyewe.

Tulianza saa mbili asubuhi kwenye Lango la Mashariki. Dada alikuwa na mkongojo mkono wa kulia, kipeperushi mkono wa kushoto, na mimi nilibeba maji, mayai ya kuchemsha, na kiti kidogo cha kukunja ambacho alikitukana njia nzima mpaka alipokihitaji. Aligonga muhuri wa kwanza kwa nguvu utadhani anaua mende. Kisha akasimama akilitazama lango.

"Ni fupi," alisema. "Kwenye karatasi nililiona refu."

Ngome ilikuwa na upepo na haikuwa na mahali pa kukaa. Jumba la Forodha lilikuwa zuri, na mlinzi wake alituonyesha mizani kubwa ya shaba iliyopima mizigo ya watu waliokwisha kufa. Dada alitaka kujua inafanya kazi bado au ni pambo tu, na mlinzi alipoungama kwamba ni pambo alisikitika kweli. Tuliingia Soko la Paa la Chuma saa sita na nusu. Hapo ndipo alipokubali kiti. Alikula yai moja, akausugua mguu, na niliona midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu.

"Turudi," nilimwambia.

"Mihuri mingapi?"

"Minne."

"Nusu ya daraja haimvushi mtu," alisema, akainuka.

Wa tano tuliupata Uwanja wa Chemchemi, saa nane kasoro. Kutoka pale, kwa mujibu wa ramani, ni hatua chache tu kushoto hadi Maktaba ya Zamani. Njia imechorwa fupi na nyoofu. Tukapinda kushoto, tukapita kati ya duka la fundi saa na duka la vitambaa, na mbele yetu zikasimama ngazi. Ngazi za mawe, zilizolika katikati, hazina cha kushikilia, zinapanda hadi juu kabisa ambako ukingo wa maktaba unaonekana kidogo.

Nilidhani tumepotea. Nilimpokonya kipeperushi nikakitazama, na ngazi hazikuwemo. Fundi saa alitokeza kichwa mlangoni.

"Mnatafuta maktaba? Ndiyo hizo, mama zangu. Sitini na nne. Kila siku wageni wanasimama hapo hapo mliposimama na kuigeuzageuza hiyo karatasi. Sijui aliyeitengeneza alikuwa anafikiria nini."

Dada alikichukua kipeperushi, akakisogeza karibu na macho, kisha akakwaruza mkunjo wa pili kwa ukucha. Akaketi kwenye kidato cha kwanza bila kuomba kiti.

"Zipo," alisema. "Zimechorwa. Vistari vidogo vidogo. Ziko chini ya mkunjo wangu."

Akanieleza hapo hapo. Fundi mkuu wa kiwanda aliweka alama ya kukunjia, lakini kwa alama ile mkunjo ulipita katikati ya picha ya Mnara wa Saa iliyo kwenye jalada, ukaupasua uso wake. Dada aliona haya kupeleka kazi ya namna hiyo kwa watu. Akausogeza mkunjo upana wa kidole, mnara ukabaki mzima, fundi mkuu akamsifu mbele ya wote. Upande wa ndani hakuna aliyeutazama. Mkunjo mpya uliangukia juu ya ngazi, na mfupa wake ulivyokandamiza, wino ukabanduka. Na mtindo huo aliushika hadi alipostaafu.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Nimewapeleka watu kwenye ngazi bila kuwaambia. Wazee. Wenye watoto mgongoni."

Sikujua nicheke au nilie, nikacheka. Naye akacheka, mabega yakimtikisika, mpaka fundi saa akatuletea maji akidhani tumeugua.

"Kuna barabara ya kuzunguka," fundi saa alisema. "Mbali kidogo, lakini tambarare."

"Njia ni iliyochorwa," dada alisema, akanipa mkono nimwinue. "Na kama kuna mtu anayestahili kuzipanda hizi, ni mimi."

Alipanda kwa kukaa. Sina namna nyingine ya kuisema. Vidato kumi vya kwanza alivipanda kwa mkongojo, kisha mguu ukagoma kabisa, akageuka, akaketi, akawa anajisukuma juu kwa mikono na mguu mzima, kidato kimoja kimoja, mgongo mbele. Gauni lake zuri likafagia vumbi la karne nzima. Watu walitupita. Mwanamume mmoja alitaka kumbeba na dada alimtazama mpaka akaomba radhi.

Kwenye kidato cha arobaini tulipumzika, na hapo nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Ni mimi niliyempigia simu Karani," nilisema. "Siku ulipoanguka bafuni. Uliniambia nisiseme, nikasema. Niliogopa nitaamka siku moja nikukute sakafuni umeshakwisha. Sikujua atakuja na masanduku."

Alikuwa akihema. Alijifuta jasho kwa kipande cha kanga.

"Nilikusikia," alisema. "Wewe ukinong'ona simuni, jirani wa chini anaitikia." Akakikunja kile kipande cha kanga. "Nikienda kwa Karani, wewe utabaki na nani?"

Swali hilo lilikuwa limeninyima usingizi wiki nzima, na yeye alikuwa analijua muda wote. Nilimshika kwapani nikamsukuma kidato cha arobaini na moja, jambo ambalo sina hakika liliruhusiwa na masharti.

Zile ngazi zilikula saa nzima na robo. Maktaba, muhuri wa sita. Daraja la Matao, wa saba, na huko tulishuka mteremko polepole mno hata njiwa hawakujisumbua kutupisha. Mnara wa Saa hufungwa saa kumi na moja jioni. Ulipogonga kengele za saa hiyo tulikuwa tunauona, ng'ambo ya uwanja, na tulipofika mlangoni ilikuwa saa kumi na moja na dakika tisa. Bawabu alikuwa anaingiza funguo mfukoni.

Nilimsimulia yote kwa haraka, mguu, mkunjo, masanduku. Alikuwa mtu mwema.

"Kupanda haiwezekani, mama, juu wameshafunga," alisema. "Lakini muhuri wa juu huteremshwa jioni, ninao hapa dirishani. Nipeni hiyo karatasi niugonge. Nani atajua?"

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Dada alikichukua kipeperushi kabla hakijafika.

"Asante, mwanangu," alimwambia. "Muhuri huo ni wa waliofika juu."

Nilimkasirikia, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Siku nzima ya mateso, na kilichobaki ni tone la wino! Nilimwambia ana kichwa kigumu kuliko mawe ya ngome. Alinisikiliza, akakunja karatasi yake taratibu, akasema ahadi ni deni, na kwamba tumechelewa chakula.

Nyumbani Karani alitusubiri chini, mlangoni. Hakumpa mama yake mkono, kwa kuwa hakuthubutu. Alipanda nyuma yake, mikono imetangulizwa mbele tayari kumdaka, vidato hamsini na vinne, na dada hakuanguka. Chumbani masanduku yalikuwa yamejaa na kufungwa, yamepangwa kando ya ukuta. Dada aliketi kitandani akampa karatasi.

"Saba," alisema. "Nimekosa mmoja. Kesho tutaondoka."

Niliona kidevu chake kinatetemeka, na kiharusi hakikuhusika. Niliingia jikoni kuwasha jiko kwa sababu sikuweza kumtazama. Lakini masikio yangu yalibaki kule.

"Hili vumbi la mgongoni ni la nini?" Karani aliuliza.

Akamwambia. Ngazi za maktaba, fundi mkuu, picha ya jalada, mfupa, yote. Nilichungulia. Karani alikuwa ameuweka mkataba wake upande mmoja wa meza na kipeperushi upande wa pili, na kidole chake kinatembea juu ya ramani. Kilifika kwenye mkunjo, kikasimama.

"Umezipanda zote sitini na nne?"

"Kwa makalio. Hukuandika kwamba hairuhusiwi."

"Mama, masharti yanasema njia iliyochorwa, kama ilivyo." Alisema kwa sauti ile ile ya kazini, lakini macho yalikuwa mekundu. "Hapa hakuna ngazi. Hazionekani. Umepanda ngazi zisizo kwenye mkataba, zimekula saa nzima na robo. Karatasi ni mbovu. Mkataba wa karatasi mbovu haushiki."

"Aliyeiharibu ni mimi."

"Hilo halimo kwenye masharti pia." Akavua viatu. "Mnara wanafungua saa ngapi kesho?"

"Saa tatu."

"Basi nitalala hapa. Mama mdogo, niongezee maji ya chai."

Jumapili tulikwenda watatu. Ndani ya mnara kuna vidato mia moja na kumi na viwili, lakini hivyo vina chuma cha kushikilia. Karani, mtu wa kukaa kitini, alihema kuliko mama yake, na mara mbili dada alimsubiri kwenye kona za ngazi bila kumsema, jambo lililonishangaza. Juu kulikuwa na upepo na mji wote. Dada aliugonga muhuri wa nane polepole. Hakutazama ngome wala daraja. Alitafuta kwa macho mpaka alipoliona dirisha letu, lile lenye pazia nililolishona mimi, akaniambia nimesahau kulifunga.

Karani alikunja kipeperushi akampa. Dada alikitazama, akatikisa kichwa, akakikunjua. Alikiweka juu ya ukuta wa mnara, akatoa mfupa wake mkobani, akakikunja upya kwa alama ya fundi mkuu. Mkunjo ulipita katikati ya uso wa Mnara wa Saa, ukaupasua vipande viwili. Kisha akachukua kalamu ya mwanawe, akafungua upande wa ndani, na kwa mkono wake wa kushoto, ule anaoandikia, ambao tangu kiharusi ulikuwa bado mzito, akachora vistari vidogo vya ngazi, kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti.