Mume Wangu Hakuanguka Mnazi

Wenye ukurasa, jina langu lifichwe. Nina miaka themanini na nne, naishi Kisauni, na anayeniandikia haya ni binti wa jirani kwa sababu wajukuu zangu hawafai kuyasikia. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kusema bibi amechanganyikiwa.

Miaka michache kabla ya uhuru niliolewa Mjambere na mgema. Mkoloni alikuwa amebana pombe ya mnazi, bila kibali huuzi, basi biashara yote ikaingia mikononi mwa wahuni. Kulikuwa na matajiri wawili wa magendo, kila mmoja na vijana wake wa mapanga. Mgema akimuuzia huyu, vijana wa yule huja kumvunja mikono. Mume wangu alikuwa mbishi, akamuuzia amtakaye.

Asubuhi moja wakaniletea maiti yake, wakasema ameanguka mnazi. Nilikuwa na mimba kubwa lakini akili zangu zilikuwepo. Kotama yake, kile kisu cha kugemea, ilikuwa bado imechomekwa kwenye makuti juu ya kitanda. Mgema hapandi bila kotama. Nikawaambia watu, wakainamisha vichwa.

Aliyeniamini ni mmoja wa wale matajiri. Alikuja matangani akanambia, "Pole dada. Ni vijana wa mwenzangu waliomuua. Niachie mimi." Siku chache baadaye kilabu cha mwenzake kikachomwa moto, watu wakiwa ndani. Nilifurahi, sifichi. Mwanangu Karisa alipoanza kutambaa, tajiri yule akaniposa, nikakubali. Karisa akakua akimwita baba, akijua tu kwamba babake mzazi alianguka mnazi.

Sasa mzee huyo hainuki kitandani. Anayemwogesha na kumlisha ni Karisa, naye mwenyewe ana mvi. Mwezi uliopita tulibaki wawili chumbani, akanishika mkono.

"Mama Karisa, nataka radhi yako. Wale tuliowachoma hawakumgusa mumeo. Niliwatuma vijana wangu."

Nikamuuliza, "Kwa ajili ya mnazi tu?"

"Kwa mnazi. Na wewe nilikuwa nishakuona."

Radhi hiyo sijampa. Napika uji wake, naupoza, nampa Karisa ampelekee.

Juzi Karisa amepata mjukuu wa kiume, wa kwanza. Jana kaja kwangu akicheka. "Mama, mtoto tunampa jina la baba. Nimemwambia, amefurahi mpaka kalia." Nikasema, "Haya, mwanangu." Jina la babake hasa halijatajwa katika nyumba hii miaka yote.

Nikisema ukweli, namvunja mwanangu uzeeni, na sijui atamfanya nini yule aliyelala mle ndani. Nikinyamaza, jina la muuaji litaitwa kwa mapenzi katika ukoo wa mtu aliyeuawa naye.

Jumapili nitapakatishwa mtoto, na mimi ndiye mkubwa, natakiwa niwe wa kwanza kumwita jina lake. Wanangu mnaosoma, nishaurini. Nimwite nani?