Kisigino cha Zeyana na Mawe Yanayoelea

Mwaija wa Bagamoyo alikuwa somo wa maharusi, na kazi yake, ukiiondolea manukato na vigelegele, ilikuwa kusugua watu visigino. Wengine watasema somo hufundisha unyumba, hupamba, huimba. Ni kweli, lakini ungemwuliza mwanamke yeyote wa miaka ile alimwitia nini Mwaija hasa, angekuonyesha miguu yake. Mwari akikaa naye siku saba chumbani alitoka na nyayo laini kama za mtoto ambaye hajakanyaga chini.

Haya nimeyapata kwa bibi yangu Chausiku, aliyekuwa akiteka maji na kuyapeleka kwenye nyumba za wakubwa. Bibi hakuwahi kusimulia jambo bila kujiweka katikati yake, kwa hiyo hapa nimempunguza kidogo. Lakini mambo ya chumbani aliyasikia kwa Mwaija mwenyewe, miaka mingi baadaye, na hayo hakuyatia chumvi. Kila akifika hapo sauti ilimshuka.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tatu na moja wa Hijra, na mji ulikuwa umekaa na hofu karibu mwaka mzima. Jua likizama, mbingu ilikuwa haizimiki. Wekundu ulipanda na kubaki juu ya mapaa hata watu waliokwenda kuswali isha waliona vivuli vyao ukutani. Wapo waliosema ni bara kunaungua. Wakaja watu wa Fukayosi wakasema kwao hakujaungua hata kibanda, nao walidhani kunaungua huku pwani. Basi kama si huku wala si huko, kilichokuwa kinaungua ni nini? Hapo ndipo watu walipoanza kuangalia juu.

Mwaija hakuwa mwoga. Aliwahi kumfuata nyoka chooni na mchi mkononi, akatoka na mchi na nyoka. Lakini wekundu ule ulimshinda nguvu. Alikuwa akifunga dirisha mapema, na akiulizwa alisema ni mbu.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ilipoingia akaitwa na Bi Shaikha, mke wa Muhanna mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Binti yao Zeyana alikuwa anaolewa. Alikwisha timiza miaka ishirini, amecheleweshwa na safari za baba yake, na sasa nyumba nzima ilikuwa na haraka. Gae la mtungi ambalo Mwaija alisugulia kwa miaka lilikuwa limepasuka, akaenda ufukwe wa Kaole kutafuta kipande cha tumbawe. Akakuta mawe ambayo hajapata kuyaona maishani mwake. Yalikuwa na rangi ya majivu, yamejaa vitundu, na mepesi hata ukishika moja unadhani umeshika andazi. Mengine yalikuwa bado yanaelea majini, yakigongana polepole.

Angekuwa mtu mwingine angejiuliza jiwe linaeleaje. Mwaija alikaa chini, akavua kiatu, akajaribu moja kwenye kisigino chake. Lilikwangua bila kuumiza. Alicheka peke yake kwa furaha, akajaza kikapu. Baadhi yalikuwa yameshikwa na vidude vyeupe kama kucha za mtu, akavikwangua kwa kisu na kuvitupa.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Kwa desturi, mwari akishaingizwa ndani haonwi na mtu yeyote ila somo wake, hata mama yake huishia mlangoni na sinia. Kwa hiyo walikuwa wawili tu, na singo ya kusugulia mwili, na liwa ya kupaka, na moshi wa udi. Zeyana alikuwa msichana wa maneno mengi, na Mwaija, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpenda upesi kuliko alivyotaka.

"Somo, huyo mume anakoroma?"

"Nitajuaje, mwanangu? Kwani yeye nimemsugua?"

Siku ya tatu asubuhi jiwe lilimegeka mkononi, likamchana Zeyana kisiginoni. Tone moja la damu. Mwaija alipaka liwa juu yake wakaendelea na mazungumzo yao.

Alasiri ya siku hiyo Mwaija alitoka kwenda kununua marashi, akakuta watu wamejaa kwenye baraza la Mwalimu Rajabu aliyekuwa akisomesha watoto chuoni. Husseni, mvuvi wa Mlingotini, alikuwa ameleta jiwe ndani ya chungu cha maji ya bahari. Mwaija alinyoosha shingo juu ya mabega ya watu. Lilikuwa jiwe lile lile. Na vile vidude vyeupe vilikuwa vinafunguka, vinatoa vijimkono vyembamba kama nyusi, vinakunja na kukunjua, kama vinamwita mtu.

"Vina uhai," alisema Husseni. "Nimekishika kimoja, mkono unaniwasha mpaka sasa. Jiwe la ardhini huzama, jamani. Hili halizami. Mbingu imeungua mwaka mzima, haya ndiyo makaa yake, na hawa ndio waliokuwa wakikaa huko."

Mtu mmoja akaongeza kuwa si wenyewe, ni mbegu zao. Kwamba zikipata mahali palaini huingia na kuota. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Mwaija alijipenyeza mbele.

"Mwalimu," alisema, "huko juu kuna viumbe kweli?"

Mwalimu Rajabu alikuwa mtu wa hadhari, na hadhari yake ndiyo iliyoharibu. "Mama, Mola aliyeijaza ardhi hii viumbe, hata chini ya kila jani, nani kakwambia huko juu kaacha patupu? Kwamba wapo, mimi siwezi kukataa. Kwamba wameshuka Mlingotini kwenye chungu cha Husseni, hilo..."

Mwaija hakungoja amalize. Alikuwa ameshasikia kwamba wapo, na miguu ilikuwa inamrudisha nyumbani kwa Muhanna bila marashi.

Kesho yake Zeyana aliamka na homa.

Kisigino kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, wekundu ule ule wa mbinguni, na mstari mwembamba ulikuwa umeanza kupanda kifundoni. Mwaija ndiye aliyeyaleta mawe. Yeye ndiye aliyevikwangua vile vidude kwa kisu na kuvitawanya, na labda kimoja kilibaki kwenye kitundu, na yeye kwa mkono wake mwenyewe akakisugulia ndani ya mwili wa mtoto wa watu. Alitamani kupiga kelele. Bi Shaikha alikuwa mlangoni na sinia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwaija. Mwari hajambo?"

"Hajambo, bibi. Amelala tu. Singo imemlegeza."

Huo ulikuwa uongo, na ulitoka kwa ulaini uliomtisha mwenyewe. Angesema nini? Kwamba ndani ya binti yao kuna kitu kutoka mbinguni? Wangemtoa nje kwa mawe yale yale. Na harusi ingevunjika, na Zeyana angefungiwa kwa waganga maisha yake yote, msichana anayeota kitu mguuni. Kwa hiyo alifunga mlango, akakaa nacho peke yake.

Sasa sikiliza alivyokaa nacho. Siku ile na ya pili yake hakumsugua tena Zeyana, hakumpaka kitu, hakumgusa. Alikaa pembeni ya kitanda akikitazama kisigino. Alifukiza ubani mpaka chumba hakionekani. Jua lilipozama na wekundu kuanza kuingia kwenye upenyo wa dirisha, alijaza matambara upenyo ule, maana alidhani walio juu wanamtafuta mwenzao. Kisha akaanza kukisemesha kisigino.

"Mmekuja kufanya nini? Mnataka nini kwetu? Huyu mtoto amewakosea nini?"

"Somo," alisema Zeyana, "unasema na nani?"

Mwaija aliongeza ubani chetezoni. Alihofia kwamba anayeuliza si Zeyana.

"Somo, mguu unaniuma. Nipe maji."

Aliyasogeza maji kwa ncha ya kijiti. Hapo mimi nilikuwa namwomba bibi yangu aruke sehemu hiyo, naye haruki. Kwa ncha ya kijiti, anasema. Msichana alinyoosha mkono kutaka kushikwa, na Mwaija akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Zeyana alilia kwa sauti ndogo, kwa sababu mwari hatakiwi kusikika nje, na yeye alikuwa amelelewa vizuri.

Siku ya sita mstari mwekundu ulikuwa umefika gotini. Chausiku alileta maji ya kuoga kama kawaida, akamkuta Mwaija uani amechuchumaa mbele ya kile kikapu, macho yamemvimba, anayatazama mawe kwa mbali. Moja lilikuwa bado na vidude vyake pembeni, vimekauka.

"Unavitazama hivyo vidude vya nini?" aliuliza Chausiku.

"Usivishike! Hivyo vimetoka mbinguni."

Hapa bibi alijipa sifa, na safari hii namwachia. Alikiokota kimoja, akakibandua kwa ukucha, akacheka mpaka ndoo ikamtoka kichwani.

"Mbinguni wapi, dada? Hivi vimejaa chini ya vyombo! Mume wangu kila mwaka wakivuta jahazi nchi kavu hufanya kazi ya kuvikwangua, hurudi navyo mpaka kwenye ndevu. Chochote kikikaa majini muda mrefu, gogo, ubao, dafu bovu, hivi hukishika. Na hilo jiwe limeelea siku nyingi, basi. Lilikotoka sijui. Lakini hivi ni vya bahari, vya hapa hapa."

Mwaija alikitazama kile kidude mkononi mwa Chausiku. Kisha akainuka akakimbilia ndani, na Chausiku, ambaye hakuruhusiwa kuingia, alibaki uani akisikia mlango unafunguliwa na matambara yanang'olewa dirishani.

Mwanga uliingia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya nne Mwaija alikitazama kisigino kama kisigino. Kilikuwa na jipu. Katikati ya jipu kulikuwa na doa la kijivu, dogo kuliko punje ya mtama, na mtu yeyote mwenye macho angeliona siku ya kwanza. Ni chembe ya jiwe lililomegeka, jiwe ambalo leo tunajua lilitemwa na mlima wa moto ng'ambo ya bahari, ule ule ambao vumbi lake liliitia mbingu wekundu. Aliipasha moto sindano kwenye makaa, akalichokonoa jipu, chembe ikatoka na usaha ukaifuata, mwingi, wa siku tatu. Aliukamua, akakanda mguu kwa maji moto na chumvi, akakanda tena, mchana kutwa. Zeyana alivumilia bila kutoa sauti. Kufika asubuhi homa ilikuwa imeshuka, na mstari ulikuwa umerudi chini.

Mwaija alicheka na kulia kwa pamoja. Alimsimulia kila kitu, mawe, chungu cha Husseni, mbegu, Chausiku na ndoo yake. Alisimulia kama mtu aliyenusurika kuzama anavyosimulia akiwa nchi kavu, akitaka na mwenzake acheke. Akampaka singo upya na kumfukiza udi, akampaka hina mikononi na miguuni, na hina ikafunika alama yote. Hakuna mtu ambaye angejua. Zeyana alikuwa anatazama dari. Aliitika "naam, somo" palipotakiwa naam.

Usiku wa bwana harusi kuingia ndani nyumba ilijaa wanawake. Kwa desturi ya pale bibi arusi hakanyagi chini kwenda kwa mumewe. Somo hupiga magoti mbele yake, humpa mgongo, humbeba mpaka kitandani, na huo ndio mwisho wa kazi yake na heshima yake yote. Mwaija alikuwa amewabeba maharusi arobaini na zaidi. Alipiga magoti, akainama, akarudisha mikono nyuma kumpokea.

Alingoja. Uzito haukuja.

Alihisi pumzi sikioni, na harufu ya asumini.

"Nitakwenda kwa miguu, somo," Zeyana alisema kwa sauti ya chini, yenye adabu. "Hao wa mbinguni mimi sikuwaogopa hata siku moja. Niliyekuwa namwogopa ni wewe."

Kisha akapita. Aliuvuka ukumbi akichechemea, hina mbichi ikiacha alama kwenye mkeka, mguu mmoja mzima na mwingine ncha ya vidole tu. Bi Shaikha alimtazama bintiye, akautazama mguu, akamgeukia Mwaija aliyekuwa bado amepiga magoti na mikono yake nyuma. Wanawake wengine hawakujua wafanye nini, kwa hiyo wakapiga vigelegele.