Usukani wa Ng'ambo ya Barabara

Miaka ile ya tisini, bidhaa zilipoanza kumiminika madukani baada ya foleni za miaka mingi, mimi na dada yangu tulikuwa na saluni ya nywele katikati ya mji wa Dodoma. Kilikuwa chumba kimoja chenye madraya mawili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, benchi la kungojea, na televisheni ya dada aliyoileta kutoka nyumbani ili wateja wasichoke. Dada ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilimfuata mjini nilipomaliza sekondari, kutoka kijijini kwetu upande wa Bahi, akanifundisha kuweka dawa, kuseti na kusuka. Dawa zilipokaribia kwisha, mimi ndiye niliyepanda basi kwenda kuzifuata Kariakoo.

Safari moja nilirudi na dawa, marola, na gemu ya televisheni.

Ilikuwa mashine ya kaseti, ya kijivu, nyepesi kama bakuli la plastiki. Nilipoiona dukani niliwafikiria watoto wa wateja wetu. Mama akija kusuka rasta hukaa tangu asubuhi hadi alasiri, na mtoto aliyekuja naye, ikifika saa sita, ameshafungua kila kopo la mafuta lililo karibu na mkono wake.

Dada aliigeuza geuza ile mashine. "Nilikutuma dawa," akasema.

"Dawa zipo, dada."

"Na hii je?"

"Ni ya kuwatuliza watoto."

"Watoto hutulizwa kwa kuambiwa watulie."

Hata hivyo aliniacha niiunganishe, na watoto wakatulia kweli. Kisha wakaanza mama zao, wale waliokuwa wakingoja zamu au wamekaa chini ya draya. Mwisho akaanza dada mwenyewe. Kulikuwa na mchezo wa matofali yanayodondoka kutoka juu, nawe unayageuza yajipange bila kuacha mwanya. Alinitazama nikiucheza, akanyoosha mkono. "Lete," akasema. "Huku si kupanga marola tu?" Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyemshinda. Alicheza kimya, ametoa ncha ya ulimi, na mchezo ukimalizika alikuwa anasimama kama mtu aliyetoka kupiga deki, wala hataki sifa.

Lazima nieleze kidogo kile kidude cha kushika mkononi, maana ndicho kilichotuletea maneno. Vijana wa mjini walikiita pedi. Katika saluni ya wanawake huwezi kutaja jina hilo kwa sauti bila mtu kucheka, kwa hiyo sisi tulikiita usukani. Usukani wetu ulikuwa bapa na wenye pembe kali, kama kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi. Ukiushika kwa muda mrefu ulikuchora mistari viganjani. Na kwa kuwa mikono yetu haikukauka mafuta ya nywele, vidole viliteleza, ikabidi tuufunge kitambaa cha khanga kuukuu. Lakini tuliupenda. Ulikuwa na vitufe vichache, hata bibi aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake aliuelewa kabla maji ya kuoshea hayajachemka.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni nyingine. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima wa zile familia za zamani za mjini, za wafanyabiashara waliokuja na misafara enzi za mababu zao na kubaki. Alisifika kwa kupamba maharusi. Yeye na dada walisalimiana vizuri kila asubuhi wakifagia mbele ya milango yao, lakini hawakuwa wakiingiliana. Dada alisema yule mama anabana nywele mno. Yule mama, tuliambiwa, alisema dada anaunguza watu kwa dawa.

Basi mdogo wake yule mama akarudi kutoka Dubai na gemu mpya. Habari zilitufikia kupitia vichwa vya wateja, maana mwanamke anayesukwa hana kazi nyingine ila kusema.

"Ile ya kule haitumii kaseti," mmoja alituambia. "Inatumia sidii. Na watu wake ni watu kweli, wana nyuso."

"Usukani wake una pembe mbili," akasema mwingine, "kama pembe za mbuzi. Unazikamata hivi."

Dada alikuwa akichovya kitana kwenye maji. "Gemu ni gemu," akasema. "Mtu amekuja kutengeneza nywele."

Wateja hawakutukimbia wote, nisiongeze chumvi. Lakini benchi letu likapungua watoto, na mama hufuata mtoto alipo. Siku moja dada aliponitazama nikichungulia mlangoni kwa mara nyingine, akaniambia nikanunue sukari. Sukari ilikuwepo. Nilielewa, nikavuka barabara.

"Shikamoo mama," nikasema mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kusuka au kupeleleza?"

Nilishindwa kudanganya. "Kupeleleza, mama."

Alicheka hadi akashika kiti. Akamwondoa mtoto mmoja, akanipa usukani. Sijasahau namna ulivyokaa. Wetu ulikuwa kitu unachokikamata. Huu ulikuwa kama umekukamata wewe. Zile pembe mbili zilijaza viganja, vidole vya shahada vikakuta vitufe vyao upande wa nyuma bila kutafuta, na katikati palikuwa na vijiti viwili vyenye vichwa kama uyoga. Badala ya herufi, vitufe vilikuwa na michoro: pembetatu, duara, mraba, msalaba. Nikaendesha gari. Nilipogonga ukuta, usukani ulitetemeka mikononi mwangu nikautupa, na wanawake wote wakacheka.

"Kila mtu huutupa mara ya kwanza," yule mama akasema. "Ndiyo maana nimetandika godoro hapo."

Lakini niliona pia dosari zake. Mashine yenyewe ilikuwa imelazwa chali kama mende, juu ya kitambaa cha kufuma. Ulikuwa msimu wa upepo, na vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye yai. Yule mama alisema vumbi limeingia penye jicho la kusomea, sasa bila kuipindua haisomi. Kila mchezo ulipoanza ilibidi kungoja, sidii inazunguka, inakwaruza, inafikiri. Ya kwetu unapuliza kaseti, unaichomeka, na matofali yanadondoka.

Niliporudi dada hakuniuliza kuhusu sukari.

"Haya," akasema.

Nikamweleza yote, pembe, uyoga, mtetemo, vumbi, kungoja. Alisikiliza akiwa anakunja taulo. "Kwa hiyo ipi bora?" akauliza.

"Kwa mkono, ile. Kwa asiye na subira, yetu."

Akaendelea kukunja. Nilijua anatamani kwenda kuiona, na nilijua hatakwenda. Fundi haingii saluni ya fundi mwenzake kwenda kucheza.

Harusi ndiyo iliyomvusha barabara. Ijumaa moja yule mama alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwetu. Msichana mmoja wa mjini, karani katika ofisi fulani, alikuwa anaolewa kesho yake, na msichana aliyemsaidia yule mama pale saluni alikuwa amelazwa na malaria. "Mabinti wa kusindikiza ni wengi kuliko mikono yangu," akamwambia dada. "Njoo unisaidie, mwanangu. Njoo na mdogo wako, na madraya yenu."

Dada alijibu kama aliyekuwa akisubiri kuombwa. "Tutakuja, mama." Kisha akanigeukia. "Beba na gemu yetu. Watoto watakuwa wengi."

Asubuhi tulihamia ng'ambo na kila kitu, mimi nimebeba televisheni kichwani. Tuliziweka gemu mbili bega kwa bega, watoto wakajigawa, tukaanza kazi. Dada na yule mama walifanya kazi kimya mwanzoni, kila mmoja akiangalia mikono ya mwenzake kwa pembeni. Halafu nikamsikia yule mama akiuliza, "Hii dawa unaiacha muda gani?" na dada akamjibu, na baada ya hapo hawakunyamaza tena.

Bi harusi alikuwa amekaa kwenye mkeka, hina na piko vimechorwa kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, ameinua mikono kama mtu aliyetekwa. Hakuruhusiwa kugusa kitu mpaka vikauke. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kila aliyepita alimwambia asilie atachafua wanja, jambo ambalo halijawahi kumzuia mtu yeyote kulia.

Dada alimaliza kichwa cha mwisho, akaketi karibu yake. Bi harusi akaonesha gemu kwa kidevu.

"Dada, nichezee. Ile ya gari."

"Sijui kuicheza hiyo, mdogo wangu. Mimi ni wa matofali."

"Nitakuelekeza. Mimi huwa naicheza nikitoka kazini."

Dada alitazama mlango, kama vile kuna mteja wa saluni yetu angemwona, akaufuta mkono kwenye khanga, akauchukua usukani wa ng'ambo. Niliona vidole vyake vikitafuta vitufe pale vilipokuwa kwenye usukani wetu, visivikute. Gari likaanza kwa kurudi nyuma.

"Kulia, dada. Kulia kwako, si kwangu. Kanyaga msalaba. Siyo mraba, huo unafunga breki."

Gari likapanda ukuta. Usukani ukatetemeka, dada akaushikilia kwa nguvu zote, mabega juu. Hakuutupa. "Unatetemeka kama kifaranga," akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto kijijini.

"Nami nataka kuusikia," bi harusi akasema.

Basi dada akamsogelea, akaegemeza mikono yake kwenye goti la yule binti, usukani ukagusa gauni la ndani mbali na hina. Akaligongesha gari makusudi. Bi harusi akacheka. Akaligongesha tena. Tukakusanyika wote, yule mama, mabinti waliofunga marola, watoto walioacha gemu yetu, na dada akaendelea kugonga kila kilichokuwa barabarani, miti, kuta, magari ya wenzake, mpaka yule binti akacheka machozi yakamtoka, na wanja ukachafuka kama alivyoonywa. Yule mama aliurekebisha bila kunung'unika.

Jioni tukirudisha vitu vyetu, dada alisimama katikati ya barabara, draya mkononi. "Ule unashikika," akasema. "Lazima niseme kweli. Unashikika kama mkono wa mtu."

Hatukununua mara moja. Tuliendelea na kaseti zetu, na mteja akiulizia ile ya pembe, dada alimwelekeza ng'ambo bila kinyongo. Yule mama naye alizoea kuja mchana, wateja wakipungua, kucheza matofali. Hakuwa hodari, aliyapanga kama anayetupa kuni, na dada alikaa nyuma yake akijizuia kusema. Kisha umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu, gemu yetu ikatoa harufu na kufa. Dada aliifunga kwenye taulo safi kabla ya kuiweka kabatini. Mwaka uliofuata, yule ndugu wa Dubai alituletea ya sidii, nayo tukaizoea, na vidole vya dada vikajifunza njia mpya.

Baadaye ikaja nyingine tena, nyeusi, ya kusimama wima kama redio. Mteja alitusimulia habari zake kwa bidii, kwamba ipo kwa kijana mmoja karibu na stesheni, kwamba usukani wake unajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Nilimtazama dada. Alikuwa anagawa nywele za mtu kwa mkia wa kitana, mstari umenyooka kabisa.

"Nenda ukaishike," akaniambia, "halafu uje uniambie."